Karanga tatu, watu wanne

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa hali ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2022. Maji ya Mto Ruvu yalipungua kiasi kwamba mwezi Oktoba ulitangazwa mgawo, na mitaa ambayo ilikwishasahau madumu ikayarudia. Watu walikuwa wakiamka saa 9 usiku, si kwa ajili ya tahajudi, bali kwa ajili ya foleni.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache ambao mgawo ule haukuwagusa. Nina kisima kirefu uani, nilichokichimba kwa fedha za mafao yangu ya kustaafu, na tangi la lita 5,000 lililokaa juu ya nguzo za zege. Kabla ya mgawo nilikuwa nauza dumu la lita 20 kwa shilingi 100, zaidi kwa ajili ya kulipia umeme wa pampu kuliko kutafuta faida. Wiki ya pili ya mgawo nikapandisha hadi 300. Nilikuwa na sababu zangu, na kila moja ilionekana kuwa na mantiki. Kwingine walikuwa wanauza kwa 500. Pampu ilikuwa inanguruma kutwa kucha, na ikiungua nani angeninunulia nyingine? Na kubwa kuliko yote, sikumnyang'anya mtu. Nilichimba mwenyewe, katika kiwanja changu, kwa fedha zangu za halali.

Naomba ndugu msomaji aishike sentensi hiyo, "sikumnyang'anya mtu", maana itarudi mbele, ingawa si kwa mdomo wangu.

Katika siku hizo alikuja kunitembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye alisomea sanaa chuoni. Nikiri kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuelewa sawasawa anasomea nini. Kwa wengi wetu neno "sanaa" linaleta picha ya sanamu na ngoma, na baada ya hapo mazungumzo yanakwisha. Yeye akanieleza kwamba iko sanaa nyingine ambayo haitundikwi ukutani. Kazi haikamiliki mpaka mtazamaji aingie ndani yake na afanye jambo: aguse, apime, agawe, achague. Na wengi wa wasanii wa aina hiyo, alisema, siku hizi wanashughulika na mambo ambayo jicho la mtu mmoja haliwezi kuyaona yote kwa mara moja, kama vile hali ya hewa ya dunia, chakula, maji na nishati. Wanayachukua mambo hayo makubwa na kuyaleta katika kipimo ambacho mkono unaweza kukigusa.

Akanionyesha picha kwenye simu yake. Desemba 2015, wakati wakuu wa nchi wanakutana Paris kuzungumzia tabianchi, msanii Olafur Eliasson pamoja na mwanajiolojia Minik Rosing walileta mapande 12 ya barafu kutoka Greenland, barafu iliyokwisha kumeguka na kuelea baharini, wakayapanga kwa duara kama tarakimu za saa katika uwanja wa Panthéon. Watu walikuja wakayashika, wakayakumbatia, watoto wakayalamba, na mapande yakaendelea kuyeyuka mbele ya macho yao. Akanionyesha pia kundi la Stan's Cafe la Birmingham, Uingereza, ambalo tangu mwaka 2003 limekuwa likimwaga mchele sakafuni kwa mafungu, punje moja mtu mmoja: fungu hili wakimbizi, fungu lile matajiri. Mwaka 2005 huko Stuttgart, Ujerumani, walimwaga tani 104 ili kila mtu aliyekuwa hai duniani awe na punje yake.

Jibu langu la kwanza lilikuwa lile ambalo nadhani msomaji amekwishalitoa kichwani: huu si ni israfu? Kusafirisha barafu kutoka ncha ya dunia ili watu wa Paris waikumbatie! Sisi tunao Kilimanjaro, ambao umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu mwaka 1912, na hakuna aliyetuletea pande uwanja wa Mnazi Mmoja. Mpwa wangu hakubishana. Alisema waandaaji wenyewe walitoa hesabu ya hewa chafu iliyotokana na safari ile, na kwamba swali langu ni sehemu ya kazi yenyewe. Sikuridhika, na mpaka leo sijaridhika sana. Mtu anaweza kukumbatia barafu mchana na jioni akapanda ndege kwenda kula chakula cha usiku mji mwingine. Kuguswa ni jambo moja na kugeuka ni jambo jingine.

Lakini kuna mmoja kati ya michezo yake ambao ulinikamata, na ndio uliofanya niandike makala hii.

Mwanzilishi wake ni Mmarekani, Buckminster Fuller, aliyezaliwa mwaka 1895 na kufariki mwaka 1983, msanifu anayejulikana zaidi kwa majengo yake ya kuba yanayoundwa kwa pembetatu. Katika miaka ya 1960 majeshi ya mataifa makubwa yalikuwa na michezo yao ya vita: maofisa wanakaa mbele ya ramani na kukokotoa nani atamteketeza nani. Fuller akauliza kwa nini pasiwe na mchezo mkubwa kama huo ambao lengo lake ni kuifanya dunia imtosheleze kila binadamu, kwa kushirikiana, bila kuiharibu na bila mtu yeyote kudhurika. Alipendekeza uwekwe ndani ya banda la Marekani katika maonyesho ya dunia ya Montreal, Kanada, mwaka 1967. Serikali ya nchi yake ikalikubali kuba, likajengwa, na mifupa yake imesimama hadi leo. Mchezo wakauacha. Nadhani hapo pana makala nyingine nzima: kwamba wakubwa walilipenda paa, lakini hawakutaka kile ambacho kingefanyika chini yake.

Mchezo ule ulichezwa mwaka 1969 katika shule moja ya uchoraji na uchongaji jijini New York, na baadaye ukaenea katika vyuo na mashule. Ramani ya Fuller ilitandazwa sakafuni, kubwa mithili ya uwanja wa mpira wa kikapu. Ni ramani ya ajabu kidogo kwa jicho lililozoea ramani za shule, kwa sababu haina juu wala chini. Mabara yameungana kama kisiwa kimoja ndani ya bahari moja. Washiriki wanasimama juu yake kwa idadi inayolingana na wingi wa watu wa kila sehemu, wanapewa mali ya sehemu hiyo, kisha wanaambiwa wapange namna ya kuishi.

Tuliucheza uani kwangu Jumapili ya tarehe 20 Novemba 2022. Naikumbuka tarehe kwa sababu Kombe la Dunia lilikuwa linaanza Qatar jioni ile na vijana walitaka tumalize kabla ya saa 1. Siku tano nyuma Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza kwamba watu duniani wametimia bilioni 8. Mpwa wangu alitandika mikeka, akachora mabara kwa chaki kwenye sakafu kuizunguka, akawaita waliokuwa kwenye foleni ya maji waje wakae badala ya kusimama juani. Tulipatikana watu 21, kila mmoja akibeba takriban watu milioni 380. Tukavuta karatasi zilizokunjwa. Kumi na wawili wakawa Asia. Wawili Ulaya, wawili Amerika ya Kusini pamoja na nchi za katikati, mmoja peke yake Marekani na Kanada. Wanne Afrika.

Kisha akatoa karanga 100. Hizi, akasema, ni umeme wote unaozalishwa duniani kwa mwaka. Akazigawa kwa takwimu za kweli, kwa makadirio. Asia ikapata zaidi ya nusu, na nyingi kati ya hizo akaziweka kwa wale waliokuwa China. Marekani na Kanada akaweka 18 mbele ya yule mtu mmoja. Afrika akaweka tatu.

Karatasi yangu ilikuwa Afrika. Nilikuwa pamoja na muadhini wetu, kijana wa bodaboda na binti mmoja wa darasa la sita. Watu wanne, karanga tatu. Muadhini akaanza kueleza kwamba tukizikata kila moja vipande vinne itawezekana kila mtu apate sawa. Wakati anaeleza, kijana wa bodaboda akachukua moja akaitupia mdomoni. Zikabaki mbili, na tukaanza kulaumiana sisi kwa sisi, jambo ambalo wale wa Ulaya walilifurahia sana.

Nilipochoka nikainuka kwenda Marekani. Aliyeketi pale alikuwa mama mmoja jirani ambaye mtaani tunamwita Mama Vitumbua, kwa kazi yake. Nikamwambia, mama, uko peke yako na karanga 18, sisi wanne tuna mbili. Akavuta upindo wa khanga yake akazifunika.

"Mimi nimezikuta hapa, Baba Zainabu. Sikumnyang'anya mtu."

Nikamjibu kwa kirefu. Nilimwambia kwamba hakuziumba yeye. Nikamwambia kwamba ni karatasi tu iliyomkalisha pale, angeweza kuvuta Afrika kama mimi. Nikamwambia kwamba haja yetu ni kubwa kuliko starehe yake. Nilizungumza vizuri, wallahi, nilikuwa naelekea kuleta aya. Watu wakaanza kucheka, na mimi sikujua wanacheka nini mpaka nilipoona kwamba Mama Vitumbua hanitazami. Alikuwa anaangalia getini, kwenye dumu lake la njano lililokuwa la kwanza katika mstari, likisubiri mchezo uishe nije kufungua koki kwa shilingi 300.

Sasa tuache kicheko, tuingie katika hoja.

Jambo rahisi ni kusema kwamba nilikuwa mnafiki na nikaumbuliwa. Lakini hilo halitoshi, kwa sababu siku chache baadaye yule mama alinieleza kitu ambacho kilinishughulisha zaidi. Aliniambia hakuwa ananikejeli pale mwanzoni. Katika zile dakika kumi alizokaa na karanga 18 alianza kuziona ni zake kweli. Aliona uchungu kuzitoa. Alituona sisi wa Afrika kama watu wasiojipanga, waliokula mbegu yao wenyewe, na alikuwa na ushahidi, maana alimwona kijana wa bodaboda kwa macho yake. Dumu alilikumbuka baadaye, katikati ya maneno yangu.

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Mimi, mwenye kisima, nilipokalishwa kwenye umasikini nikawa mtetezi wa haki ndani ya robo saa. Yeye, anayeamka usiku kutafuta maji, alipokalishwa kwenye utajiri akawa mtetezi wa milki kwa muda huohuo. Hakuna kati yetu aliyebadilishwa na hoja. Tulibadilishwa na mahali tulipokaa. Ndipo nikajiuliza: zile zote ninazoziita misimamo yangu, ni ngapi ambazo ni kiti changu tu?

Mtu anaweza kuruka kutoka hapo na kusema kwamba basi haki haipo, kuna viti tu, na kila mtu anaimba wimbo wa kiti chake. Siafiki. Kwanza, sentensi "sikumnyang'anya mtu" inaweza kuwa kweli, na mara nyingi ni kweli, lakini inajibu swali ambalo haikuulizwa. Foleni haikunituhumu wizi. Ilikuwa na kiu. Pili, katika yote niliyosema siku ile, liko neno moja ambalo lingeweza kusemwa na sisi wote wawili, kutoka viti vyote viwili, bila mmoja wetu kuona haya: kwamba hatukuchagua karatasi. Mimi nilichimba kisima, ni kweli. Lakini sikuchagua kuzaliwa katika familia iliyonisomesha hadi nikapata kazi yenye mafao, wala si mimi niliyeyaweka maji chini ya kiwanja changu na chumvi chini ya kiwanja cha jirani, ambaye alichimba mita 60 akapata maji yasiyonyweka.

Wasomaji wengi wameijua tangu madrasa ile hadithi ya jahazi aliyoipokea Nu'man bin Bashir (ra) na kuipokea Imamu Bukhari. Mtume (saw) alipiga mfano wa watu waliopiga kura katika chombo, baadhi wakaangukia sehemu ya juu na baadhi ya chini. Wa chini wakihitaji maji walilazimika kupita kwa wa juu. Wakafikiri watoboe tundu upande wao ili wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa wafanye walitakalo wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote.

Kwa miaka mingi nimeisikia hadithi hii ikitolewa kama onyo kwa wa chini. Wao ndio watoboaji, wao ndio wa kushikwa mikono. Baada ya mchezo wa karanga niliirudia nikaona mambo mawili ambayo sikuwa nimeyatilia maanani. La kwanza ni kwamba walipiga kura. Hakuna aliyepanda juu kwa ubora wake. La pili ni kwamba wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka wasiwaudhi wa juu. Maana yake ni kwamba walikwishaanza kujisikia ni kero. Ni nani aliyewafanya wajione kero kila wanapopanda na ndoo? Hadithi haisemi, na mimi sithubutu kuitafsiri kupita mipaka ya elimu yangu. Lakini mtu anayepandisha dumu kutoka 100 hadi 300 na kufungua geti huku amekunja uso anaweza kujijibu mwenyewe.

Inashangaza kwamba wenzetu wa Magharibi walipotafakari suala hili nao walikimbilia kwenye vyombo. Fuller mwaka 1969 alitoa kitabu alichokiita mwongozo wa kuendesha dunia kama chombo cha angani. Kwake sisi sote ni mabaharia, na upungufu ni kosa la usanifu: vitu vipo, mpangilio ndio mbovu. Mwenzake, Garrett Hardin, mwanabiolojia, aliandika mwaka 1968 makala mashuhuri kuhusu malisho ya pamoja. Kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja kwa faida yake, mpaka malisho yanakwisha. Mwaka 1974 akasonga mbele zaidi, akasema dunia si chombo kimoja. Mataifa tajiri yamo ndani ya mashua za kuokolea, masikini wanaelea majini, na ukimpandisha kila anayeomba, mashua itazama. Kwa hiyo usiwapandishe.

Namheshimu Hardin kwa jambo moja, kwamba alisema wazi kile ambacho wengi wanakifanya kimyakimya. Lakini mashua yake ina tundu tangu mwanzo. Anasimulia kana kwamba waliomo ndani na waliomo majini hawakuwahi kuwa na uhusiano wowote kabla ya dhoruba. Hewa tunayoivuta haina mashua mbili. Moshi wa yule mwenye karanga 18 unapanda kwenye anga ileile ya mwenye karanga tatu. Fuller naye, kwa uzuri wote wa ramani yake isiyo na juu wala chini, amesahau kwamba watu wanaokaa juu yake wana juu na chini. Chombo chake hakina ghorofa. Katika jahazi la hadithi ghorofa zipo, kura ipo, na bahari ni moja.

Hapa ndipo ninapoona ubora na upungufu wa sanaa hii. Ubora wake ni kwamba inakuhamisha kiti. Mhadhara hauwezi kufanya hivyo. Nimesikia mawaidha kuhusu maji zaidi ya mara mia nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikitikisa kichwa kwa kukubali. Upungufu wake ni kwamba kiti chako kinakusubiri. Saa 12 na nusu mchezo uliisha, karanga zikaliwa, vijana wakaenda kutazama mpira, na ufunguo wa koki ulikuwa mfukoni mwangu kama ulivyokuwa asubuhi.

Mpwa wangu ndiye aliyenieleza habari za Valencia, Hispania, na nimeisoma zaidi baadaye. Wakulima wa bonde lile wanagawana maji ya Mto Turia kwa mifereji ambayo jina lake la Kihispania, acequia, limetokana na neno la Kiarabu, saqiya. Wengi wanaunasibisha utaratibu wao na zama za Waislamu wa Andalusi. Wana baraza la maji, na kila Alhamisi adhuhuri wajumbe waliochaguliwa na wakulima wenyewe hukaa nje ya mlango wa kanisa kuu la mji na kuamua kesi kwa mdomo, hadharani. UNESCO iliorodhesha baraza hilo kuwa urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2009. Mwaka huohuo Elinor Ostrom, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1990 aliichambua Valencia pamoja na wavuvi, wafugaji na wamwagiliaji wa sehemu nyingine, akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alichokionyesha ni kwamba Hardin alikosea kudhani watu wa malishoni hawazungumzi. Watu huzungumza, hutunga kanuni, huangaliana, hutozana faini, na mali yao ya pamoja hudumu kwa karne.

Mimi lililonigusa ni ile Alhamisi. Kinachoyalinda maji yale ni kwamba Alhamisi ijayo utakutana tena na yule uliyemwibia zamu.

Basi nilikwenda kwa imamu wetu, si kwa mambo ya sanaa, kwa mambo ya bei. Alinieleza kile ambacho wanazuoni wamekijadili kwa mapana: kwamba maji uliyoyateka na kuyahifadhi ni mali yako na unaweza kuyauza, lakini maji ya kisima yaliyozidi haja yako, Mtume (saw) amekataza kuyazuia. Gharama ya kuyapandisha ni jambo jingine, hiyo ni haki yako kurudishiwa. Kisha akanikumbusha kisima cha Ruma pale Madina, alichokinunua Sayyidna Uthman (ra) na kukitoa kwa Waislamu wote. Sharti la ununuzi ule, akasema, lilikuwa kwamba ndoo ya mnunuzi iwe sawa na ndoo za wengine. Nilikuwa nimesikia kisa kile mara nyingi na siku zote nikasikia ukarimu. Sikuwahi kuisikia ndoo.

Nisidanganye kwamba nilikitoa kisima waqfu. Sikufanya hivyo. Mama Zainabu alipinga na alikuwa na hoja, tuna watoto wanaosoma. Tulichofanya ni kuwaita watumiaji wote Alhamisi baada ya Isha. Tukanunua daftari. Tukakubaliana kwamba umeme wa pampu ugawanywe kwa madumu, na bei iwe itakavyotoka humo bila kuongezwa. Ilitoka shilingi 70. Ufunguo wa koki ukakaa kwa Mama Vitumbua kwa sababu yeye huamka mapema. Muadhini alitaka nyumba zenye wazee zisilipe, pakawa na mabishano makali usiku ule, na sina hakika kama tuliamua sawa. Kijana wa bodaboda alikamatwa wiki ya pili akiteka madumu mawili ya ziada ya kuoshea pikipiki, akatozwa faini, akalipa huku akilalamika.

Baraza letu lilikutana Alhamisi tano. Mvua ziliponyesha na mabomba yakaanza kutoa maji, Alhamisi ya sita tulikuwa watu wanne, na ya saba nilikuwa mimi na muadhini, tukanywa kahawa tukaondoka. Ufunguo haukurudishwa na mtu. Niliukuta asubuhi moja umetundikwa kwenye msumari wake wa zamani karibu na geti.

Daftari ninalo bado. Katika ukurasa wa mwisho kuna hesabu ya wiki ya mwisho, kwa mwandiko wa yule binti wa darasa la sita ambaye ndiye aliyekuwa katibu wetu. Nyumba zote zimewekewa alama ya kulipa isipokuwa moja, iliyoandikwa "Baba Zainabu, madumu 20, anadaiwa 1,400."